Kasisi Owen, Mtetezi wa Watoto

Jina la Walter Edwin Owen pengine mmelikuta katika somo la historia, mkalikariri kwa ajili ya mtihani tu. Hata mimi nilifanya hivyo. Lakini nilipoendelea kusoma habari zake, niliona kwamba mzee huyu anatuhusu sana sisi wa Ntimaru.

Owen alizaliwa Uingereza mwaka 1878. Mwaka 1904 alifika Uganda kama mmisionari wa Kianglikana, na mwaka 1918 akafanywa mkuu wa makasisi wa Kavirondo, yaani Nyanza ya siku hizo. Kuria yetu pia ilihesabiwa katika Kavirondo ya Kusini.

Siku hizo zilikuwa za taabu. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwahimiza Waafrika waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hata kina mama na watoto. Mwaka 1921 watu wa Nyanza waliunda chama cha Piny Owacho kulalamikia kodi, kipande na kazi za lazima. Mwaka 1923 Owen alikigeuza kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, mwenyewe akiwa rais. Kuna wanaomlaumu, ati alikipunguza makali kwa kuhubiri vyoo na upandaji wa miti badala ya siasa. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini kwa upande wa watoto, hakurudi nyuma.

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoruhusu mtoto wa miaka 10 aajiriwe. Hebu fikirini, miaka 10! Watoto wengi walikuwa wakichuma majani chai kule Kericho. Mwaka 1938 Owen aliliandikia gazeti la Manchester Guardian la Uingereza, siri ikawa si siri tena. Mwaka huo huo serikali iliunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. Walowezi walimchukia kama ukoma. Alifariki mwaka 1945.

Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma.

Sasa niseme langu. Jirani yetu mmoja aliacha shule akiwa na miaka 12, akaenda kuchuma tumbaku. Jioni alikuwa akirudi kichwa kinamuuma, anatapika, mikono imejaa utomvu. Mimi nilimwona kila siku na nikanyamaza, maana mwenye shamba ni mtu anayeheshimiwa kijijini. Owen hakuwa na bunduki wala cheo serikalini. Alikuwa na kalamu tu, na kalamu hata mimi ninayo. Kwa hivyo nimeandika. Walimu wetu na nyinyi wenzangu, mkimwona mtoto kama huyo, msinyamaze kama mimi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.