Lanchester: Mhandisi aliyebuni breki za diski, kelele zikamshinda

MALORI yanayosafirisha viazi kutoka Ol Kalou hupitia Dundori kabla ya kuteremka kuelekea Lanet na mji wa Nakuru. Katika barabara za miinuko kama hiyo, mlio mkali wa breki si jambo geni masikioni mwa wakazi. Abiria wengi huuona kuwa kero tu, na madereva wengine huongeza sauti ya redio ili wasiusikie.

Lakini mlio huo una historia ndefu. Ndio uliochangia kukwamisha, kwa karibu nusu karne, mojawapo ya vifaa muhimu zaidi katika gari la kisasa, na aliyekibuni akaaga dunia kabla ya kuona matunda ya jasho lake.

Mtu huyo ni Frederick William Lanchester, aliyezaliwa jijini London, Uingereza, Oktoba 23, 1868. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo. Frederick alisomea uhandisi, na mnamo 1889 akaajiriwa na kampuni moja ya injini za gesi mjini Birmingham. Huko ndiko kipawa chake kilikochipuka.

Kufikia 1896 alikuwa ameunda gari lake la kwanza la petroli, miongoni mwa magari ya mwanzo kabisa kuundwa Uingereza. Wengi wa wenzake wakati huo walichukua kigari cha farasi na kukipachika injini. Lanchester alikataa njia hiyo. Alikaa chini akafikiria kila kifaa upya, tangu injini hadi usukani. Mnamo 1899, akishirikiana na nduguze, alianzisha kampuni ya kuunda magari.

Ni katika kufikiria huko ndipo alipoligeukia suala la breki. Magari ya enzi hizo yalisimamishwa kwa gogo lililosukumwa kwenye gurudumu, au kwa ukanda uliokaza dramu. Mnamo 1902 Lanchester alipata hataza ya mpango tofauti: sahani nyembamba ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili zinazoibana kutoka pande zote mbili. Huo ndio msingi wa breki za diski zilizomo katika matatu na magari madogo ya leo.

Wazo lilikuwa bora, ila vifaa vya kulitekeleza havikuwapo. Pedi zake zilikuwa za shaba. Shaba iliposuguana na chuma ilitoa ukelele wa kuumiza masikio, na vumbi la barabara za wakati huo likaimaliza haraka.

Dawa ya kwanza ilitoka kwa Mwingereza mwingine, Herbert Frood, mwanzilishi wa kampuni ya Ferodo. Mnamo 1907 alipendekeza pedi zifunikwe kwa asibesto, madini yanayostahimili joto. Kelele zilipungua na pedi zikadumu zaidi. Hata hivyo, dawa hiyo ilikuwa na sumu yake. Vumbi la asibesto huharibu mapafu na kusababisha saratani, na Uingereza iliyapiga marufuku madini hayo mnamo 1999.

Lanchester hakukoma kupambana na mitetemo. Alibuni kifaa cha kutuliza mtetemo wa injini, pamoja na vyuma vinavyozunguka kinyume ili kuisawazisha, mbinu ambayo kampuni ya Mitsubishi ya Japani iliifufua katika miaka ya 1970. Aidha, aliandika vitabu viwili kuhusu sayansi ya kuruka angani, mnamo 1907 na 1908, wakati ndege zilikuwa bado changa mno.

Biashara haikumfaa kama uvumbuzi. Kampuni yake ilikwama kifedha mnamo 1904 ikabidi iundwe upya. Miaka yake ya mwisho aliipitisha katika ufukara, huku macho yakififia na ugonjwa wa kutetemeka ukimwandama. Alifariki Birmingham, Machi 8, 1946. Miaka saba baadaye, mnamo 1953, gari la Jaguar lenye breki za diski lilishinda mashindano ya Le Mans nchini Ufaransa. Mwaka wa 1955 Citroën ikaziweka katika gari lake la DS. Ulimwengu ulikuwa umemfikia, lakini amechelewa kuusikia.

Maisha yake yanatufunza nini sisi tunaoteremka kutoka Dundori? Kwanza, kwamba kelele ya breki ni mtetemo, na mtetemo una chanzo chake. Mlio mfupi wa asubuhi, baada ya umande au mvua, aghalabu ni kutu kidogo juu ya diski, nao hutoweka breki zikikanyagwa mara chache. Mlio mwembamba usiokoma huenda ukawa wa kibati kilichowekwa makusudi kwenye pedi ili kulia inapokaribia kwisha. Mngurumo wa chuma kusaga chuma maana yake ni kwamba pedi imekwisha kabisa. Gari hilo halifai kusogezwa ila kupelekwa kwa fundi.

Fundi mwangalifu huvua gurudumu akapima unene wa pedi. Zikisalia milimita tatu hivi hubadilishwa, za kushoto na za kulia kwa pamoja. Husafisha pini ili kishikio cha pedi kiteleze, na hupaka grisi ya kustahimili joto kwenye pini na mgongoni mwa pedi, kamwe si kwenye uso unaogusa diski. Vumbi halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu, bali hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Naye dereva ana wajibu wake: ashuke mlima kwa gia ndogo ili injini isaidie kupunguza mwendo, kwani breki iliyokanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu.

Lanchester aliusikia mlio wa breki zake, akaujua ubaya wake, ila hakuwa na vifaa vya kuuponya. Dereva wa leo anavyo, tena katika gereji iliyo karibu naye. Akiupuuza, hana wa kumlaumu.