Rudolf Diesel: Bwana Aliyepima Injini Asipime Daftari Lake

Wengi wetu hulitaja jina la bwana huyu kila siku, bandarini na kwenye vituo vya mafuta, pasipo kujua kwamba dizeli lilikuwa jina la mtu. Mimi mwenyewe, fundi wa Mombasa, sikujali kumjua mpaka kazi iliponipeleka Turkana.

Kutoka Lodwar nilipanda lori hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, kutazama injini ya kuvuta maji kisimani. Mafuta yalikuwa yakiisha upesi mno, na kijana wa Kiturkana aliyeiangalia alishukiwa kuyauza. Kibarua chake kilikuwa karibu kuota nyasi. Mimi nikaona kabla ya kumhoji mtu, tuihoji injini. Na njia ya kuihoji ni ileile iliyompatia Diesel sifa zake.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, kwa wazazi wa Kijerumani. Vita vya mwaka 1870 viliifukuza familia yake hadi London, naye akapelekwa kwa jamaa zake Augsburg, Ujerumani, akasome. Baadaye, huko Munich, alisomeshwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za baridi. Hapo alijifunza kwamba injini ya mvuke hupoteza karibu sehemu tisa katika kumi za joto la makaa yake. Upotevu huo ulimkosesha usingizi.

Wazo lake lilikuwa kuishindilia hewa mpaka iwe moto mkali, kisha mafuta yaingizwe, yajiwakie bila cheche. Katika majaribio ya mwaka 1893 kifaa cha kupimia kilipasuka, lakini hakukata tamaa. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima injini yake mbele ya mashahidi. Ilikuwa na nguvu za farasi karibu 18, ikatumia gramu 238 hivi za mafuta kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa. Maana yake, zaidi ya robo ya joto iligeuka kazi. Kwa nambari hizo, si kwa maneno, dunia ikamsadiki. Mwaka 1900, katika maonyesho ya Paris, injini ya aina hiyo iliendeshwa hata kwa mafuta ya karanga.

Basi nami kule Kakuma nikaunga mpira wa mafuta kwenye chupa ya lita moja, nikatazama saa. Chupa ikaisha kwa dakika 38, na hapana mkono wa mtu ulioigusa. Nikatoa vali ya pampu, nikalizungusha gurudumu zito polepole mpaka mafuta yakakoma kutona. Hapo ndipo pampu huanza kusukuma. Alama zilionyesha kwamba imechelewa. Fundi aliyetangulia alizidisha vibati chini ya pampu, hivyo mafuta yakiingia kwa kuchelewa, mengine yakitoka moshi mtupu. Nilipopunguza kibati kimoja, chupa ileile ilidumu dakika 45. Mwizi alikuwa kibati, na kijana akabaki kazini.

Diesel mwenyewe hakujaliwa mwisho mwema. Alitajirika, lakini fedha alizitia katika biashara zilizoanguka, madeni yakamzidi. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi chumba chake kilikuwa kitupu. Maiti yake ilionekana baharini siku kadhaa baadaye, na hadi leo watu hubishana juu ya kifo chake.

Msomaji, sisi tuliofunzwa tangu chuoni kwamba kupunja kipimo ni dhambi, tuna la kuzingatia hapa. Bwana huyu alihesabu kila gramu ya mafuta, lakini daftari lake likamponyoka. Nasi huko Kakuma tulikuwa karibu kumvunjia mtu heshima kabla ya kushika chupa na saa. Kipimo kitangulie, hukumu ifuate.