Sir Albert Cook, Tabibu wa Mengo

Ukitoka hapa Kyambogo ukavuka mji wa Kampala kuelekea magharibi, utafika kilima cha Namirembe, na huko utaiona hospitali ya Mengo. Wengi wetu tuna ndugu waliozaliwa au kutibiwa huko, lakini wachache tunajua habari za mtu aliyeianzisha. Kwa hiyo nimeona vema kuwaandikia wenzangu, pamoja na wazee wetu waliosoma hapa zamani, maisha yake kwa ufupi.

Albert Ruskin Cook alizaliwa Hampstead, London, mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alitumwa Uganda na chama cha misioni cha CMS. Reli ya Mombasa ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kujengwa, basi yeye na wenzake wakaja kwa miguu, wapagazi wakichukua mizigo, hata wakafika Mengo Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi, Bibi Katharine Timpson. Mwaka 1900 wakaoana.

Hospitali aliifungua mwaka ule ule wa 1897, nayo ilikuwa nyumba ya udongo na nyasi tu. Mwaka 1899 ndugu yake, Dr. John Howard Cook, akaja kumsaidia. Wagonjwa wakazidi, nyumba zikaongezwa. Lakini mwaka 1902 radi ilipiga hospitali, ikateketea. Mtu mwingine angalikata tamaa akarudi kwao. Wao wakaanza tena, na safari hii wakajenga kwa matofali.

Tukumbuke jinsi kazi ya tabibu wa siku zile ilivyokuwa ngumu. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu katika nyumba iliyofungwa mlango. Aliweza kugusa tumbo, kusikiliza kifua na kutazama damu kwa hadubini, lakini ndani ya mwili hakuona ila kwa kisu. Mwaka 1901 ndugu hao wawili waliutambua ugonjwa wa malale. Mgonjwa alisinzia hata chakula kikiwa mkononi, akakonda, akafa. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 Busoga, pwani ya ziwa na visiwani. Yaliyokuwa yakitendeka ndani ya ubongo wa mgonjwa, hakuna aliyeweza kuyaona mtu angali hai.

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen alikuwa amegundua miali ya eksirei, na mwaka 1907 mashine ya eksirei ilianza kufanya kazi Mengo, ya kwanza katika Afrika ya Mashariki. Sasa mfupa uliovunjika ulionekana bila kukatwa ngozi. Lakini picha ya eksirei ni kivuli tu. Miali hupita nyama kwa urahisi na kuzuiwa na mfupa, kwa hiyo ubongo uliomo ndani ya fuvu ulibaki sirini.

Wala si haki kuficha kosa lake. Katika miaka ile Dr. Cook aliamini kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda wana kaswende, akalaumu tabia zao. Waganga wa baadaye waliona kwamba wengi wa wale walikuwa na ugonjwa mwingine unaofanana nao, ambao hata mtoto huupata kwa kugusana tu. Watu wengi walivunjiwa heshima bure. Hata mtu mwema na mwenye elimu hukosea akihukumu upesi jambo asiloliona vizuri.

Hata hivyo mema yake ni mengi. Mwaka 1917 vijana wa Uganda walianza kufundishwa udaktari Mengo, na Bibi Katharine akaanzisha shule ya wakunga. Dr. Cook aliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili wanafunzi wasome kwa lugha yao. Mwaka 1932 alipewa cheo cha Sir. Alipostaafu hakurudi Uingereza, bali alikaa Makindye mpaka alipofariki mwaka 1951, akazikwa Namirembe.

Laiti angalikuwa hai leo, angaliona mlango ule umefunguliwa. Mwaka 1973 Paul Lauterbur wa Marekani alionyesha jinsi ya kupiga picha kwa sumaku, na Peter Mansfield wa Uingereza akaiendeleza kazi hiyo. Mwaka 2003 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Mashine yenyewe huitwa MRI. Mwili wetu una maji mengi, na maji yana haidrojeni, ambayo kila atomu yake ina kiini mfano wa sumaku ndogo mno. Mgonjwa hulazwa ndani ya sumaku kubwa, na viini hivyo huelekea kujipanga. Kisha mawimbi ya redio huvisukuma. Mawimbi yakikoma, viini hurudi mahali pake huku vikitoa mawimbi hafifu. Vya mafuta, vya ubongo na vya uvimbe havirudi kwa mwendo mmoja, na kwa tofauti hizo kompyuta huchora picha ya ndani bila kisu wala eksirei.

Mashine hizo ni ghali sana. Lakini mwaka 2022 wataalamu wa chuo kikuu cha Mbarara, wakisaidiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha hapa hapa Uganda mashine ndogo yenye sumaku dhaifu, wakikusudia hasa watoto wenye maji kichwani.

Basi, ndugu zangu, tusidharau somo la fizikia kwa kuwa ni gumu. Cook alikuja kwa miguu kutoka Mombasa, na hospitali ilipoungua alijenga tena. Sisi tunakaa darasani kivulini. Yeye alianza kuufungua mlango. Kazi iliyobaki ni yetu.