Rumanyika, Omukama Aliyezipa Barua Njia Karagwe

Omukama Rumanyika Orugundu alitawala Karagwe, katika Mkoa wa Kagera wa sasa, baada ya kumshinda nduguye Rogero katika kugombea kiti. Novemba 1861 alimpokea huko Bweranyange msafiri Mwingereza John Hanning Speke, baada ya kuagiza msafara wake ulishwe njiani bila kutozwa hongo.

Nchini Uingereza, haki ya wabunge kutuma barua bure ilikuwa imefutwa mwaka 1840. Karagwe haikuwa na posta. Mbeba barua alipita kwa idhini ya Omukama. Ndivyo Baraka, mmoja wa viongozi wa msafara wa Speke, alivyotumwa Bunyoro mwaka 1862 na barua ya kumpelekea Petherick.

Rumanyika alipofariki, warithi waligombana na dola ikadhoofika.