Rudolf Diesel: Mtu Aliyewawazia Mafundi Wadogo



Neno dizeli kila mmoja wetu alilijua kabla hajajua kusoma. Mashine ya kusaga, lori la mizigo, jenereta la hospitali umeme ukikatika, vyote ni dizeli. Lakini wangapi kati yetu tunajua kwamba hilo ni jina la mtu, na kwamba alipotea baharini akiwa safarini kuja hapa hapa Uingereza? Mimi nasomea uhandisi wa mitambo na kila siku nahangaika na injini, basi nimeona nimsimulie. Maisha yake yanatuhusu sisi tunaosema kwamba tukirudi nyumbani tutapeleka teknolojia.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, baba akiwa fundi wa bidhaa za ngozi. Vita vya Ufaransa na Wajerumani vilipoanza mwaka 1870, familia ikalazimika kuhamia London. Maisha yakawa magumu, na kijana akiwa na miaka 12 tu akapelekwa Augsburg kukaa kwa jamaa. Kwa hiyo habari za kulelewa kwa ndugu na kusoma ugenini alizijua vizuri tu. Akaingia chuo cha ufundi cha Munich, akafundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za kugandisha barafu. Mwaka 1880 alihitimu kwa alama za juu kabisa.

Darasani kwa Linde alijifunza jambo ambalo halikumtoka tena kichwani: mashine ya mvuke inapoteza joto kupita kiasi. Katika magunia kumi ya makaa ya mawe, kama tisa yalikuwa yanapotea bure. Halafu mashine yenyewe ilikuwa kubwa na ya gharama, kwa hiyo mwenye kiwanda ndiye aliyeimudu. Seremala au mfumaji wa mtaani hakuwa na lake, alibaki kufunga duka na kwenda kuajiriwa. Diesel alitaka injini ya kumwokoa huyu fundi mdogo.

Wazo lake si gumu. Ukijaza upepo tairi la baiskeli, pampu inapata moto mkononi. Hewa ikibanwa sana inakuwa na joto la kutosha kuwasha mafuta bila cheche yoyote. Alipata hataza mwaka 1893, kiwanda cha Augsburg pamoja na Krupp wakamfadhili. Katika majaribio ya mwaka ule ule kifaa cha kupimia kililipuka, nusura kiue watu. Mwaka 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa dakika moja hivi. Mwaka 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima akakuta inageuza 26.2% ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Hakukuwa na mashine ya mvuke iliyoikaribia.

Sasa, nani aliinunua? Si seremala. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alilipa maki milioni moja kwa haki za Marekani na Kanada. Injini yenyewe ilikuwa mnara wa chuma wenye urefu wa mita 3 hivi, seremala angeuweka wapi? Ikaenda viwandani, ikaingia kwenye nyambizi za kivita, na mwaka 1912 meli ya Denmark, Selandia, ikavuka bahari kuu kwa dizeli. Diesel mwenyewe aliliona hilo. Mwaka 1903 alitoa kitabu, Solidarismus, akipendekeza wafanyakazi wachange senti kidogo kidogo na kumiliki viwanda kwa ushirika. Walionunua walikuwa wachache mno.

Kuna habari ya karanga pia, ambayo watu huisimulia vibaya. Diesel hakubuni injini yake kwa ajili ya mafuta ya karanga. Ni kwamba kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta hayo, na serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka, ikiwaza makoloni yake ya Afrika yapate nishati kutoka shambani.

Fedha zake zikapotea kwenye biashara za ardhi na mafuta. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Harwich. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliuona mwili majini, wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni, na mwanawe akavitambua. Wapo waliodai aliuawa, lakini madeni yake yalikuwa makubwa, na wengi huamini alijitupa.

Basi ndoto yake ilikufa? Mimi nasema sehemu yake ilifika kwetu. Injini ndogo ya mashine ya kusaga kijijini, mwenyewe mtu mmoja au kikundi cha akina mama, hiyo ndiyo karakana aliyoiota. Ila mafuta yake yananunuliwa nje kwa dola, na bei ikipanda mashine inanyamaza. Wazo la kulima mafuta nalo lilirudi: Kisarawe, mnamo mwaka 2009, kampuni kutoka hapa Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kupanda mibono ya dizeli. Mwaka 2011 kazi ilisimama, wanakijiji wakabaki bila ajira na bila ardhi waliyoitoa.

Jamani, injini haichagui bwana wake. Sheria ya ardhi, kodi ya mafuta na masharti ya mkopo ndivyo vinavyoamua. Na sola ni hivyo hivyo. Sisi wahandisi tumezoea kuuliza kama mtambo unafanya kazi. Tuulize pia fundi wa kijijini ataulipiaje, na ukiharibika spea atazipata wapi. Maswali hayo hatuyawezi peke yetu. Ninyi mnaosoma sheria na uchumi, msitukimbie, tunawahitaji.