Malenga aliyewasemea watoto wa viwandani

Wako watu wanaodhani ushairi ni wa harusi na sherehe tu. Mimi huwajibu kwa kuwasimulia maisha ya Elizabeth Barrett Browning, malenga wa kike wa Uingereza.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1806 katika nyumba ya kitajiri. Utajiri wenyewe ulitoka Jamaica, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Tangu usichana wake alisumbuliwa na maradhi, hivyo miaka mingi aliimaliza chumbani akisoma na kuandika.

Enzi hizo viwanda vilikuwa vimetapakaa Uingereza. Watoto wa maskini walishinda kwenye viwanda vya pamba wakiunga nyuzi zilizokatika. Wengine waliteremshwa kwenye migodi ya makaa ya mawe, wakakaa gizani kutwa kufungua na kufunga milango ya kupitishia hewa, au kuburura vigari vya makaa. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, ripoti zake zikatoka mwaka 1842 na 1843. Richard Henry Horne, rafiki ya Elizabeth, alikuwa miongoni mwa waliochunguza.

Elizabeth alisoma yaliyoandikwa, yakamchoma moyo. Agosti 1843 shairi lake kuhusu kilio cha watoto hao likachapishwa katika Blackwood's Magazine. Humo watoto wanajisemea wenyewe: wamechoka hata kucheza hawawezi, na kaburi wanaliona kuwa ni pumziko.

Sisemi kuwa shairi hilo pekee ndilo lililoleta sheria ya mwaka 1847 ya kupunguza kazi za viwandani hadi saa 10 kwa siku. Wafanyakazi walikuwa wameipigania miaka mingi. Lakini ripoti husomwa na wachache, na shairi lilifika kwa wengi.

Mwaka 1846 aliolewa kwa siri na malenga mwenziwe, Robert Browning, wakahamia Italia. Babake akamnyima urithi. Baadaye alitoa shairi kuhusu mwanamke mtumwa aliyetoroka, akaukemea utumwa ule ule uliomlisha na kumvisha. Alifariki Florence mwaka 1861.

Hilo la mwisho ndilo linaloniwekea heshima yake. Kuukosoa mkono wa mwengine ni rahisi. Kuukosoa mkono uliokulisha kwataka moyo. Malenga wetu wa leo, nawaomba mtazame: ni nani karibu yenu anayeumia, na hana wa kumsemea?