U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa Burma

U Ba Khin alizaliwa Rangoon mwaka 1899, akaanza kazi ya serikali akiwa karani wa hesabu. Mwaka 1937 alifundishwa taamuli ya Kibudha, iitwayo Vipassana, na Saya Thetgyi, mkulima asiyekuwa mtawa. Burma ilipopata uhuru mwaka 1948, akawa Mhasibu Mkuu wa Serikali. Sisi wafanyabiashara twajua jinsi daftari moja lisilolingana linavyotunyima usingizi. Yeye alibeba hesabu za nchi nzima. Hata hivyo alitenga chumba ofisini, akawafundisha makarani wake kutulia, kufuata pumzi, kisha kuchunguza hisia za mwili zinavyozuka na kutoweka.

Mwaka 1955 alijiwa na S. N. Goenka, mfanyabiashara Mhindu mzaliwa wa Mandalay, aliyeteswa na kipandauso hata akawa akichomwa sindano za mofini. Kwanza alimkatalia, kwa kuwa alitaka tiba ya kichwa tu. Goenka alipokubali kutafuta utakaso wa moyo, akapokewa, wala hakutakiwa kuuacha Uhindu.

U Ba Khin alifariki mwaka 1971. Goenka alikuwa amekwisha kuanza kufundisha India tangu mwaka 1969.